Juu ya nini tunapenda shujaa mwenye makosa?



Mara hii tunataka kuzungumza juu ya kitabu kimoja chenye vijana wa inchi nyingi wamekipenda sana, na hata wazee wenye mvi wanakirudilia. Kwa Kiingereza kinaitwa A Wizard of Earthsea, na kwa Kifaransa Le Sorcier de Terremer. Aliyekiandika ni mama mmoja wa Marekani, Ursula K. Le Guin, na kilitoka mwaka 1968. Ni hadithi ya kuwaza. Inchi yake haiko ku karte yoyote ya mwalimu wa jeografia: ni visiwa vingi ndani ya bahari kubwa, na majoka yenye kuruka na kutema moto.

Najua wengine wameshtuka tayari. « Sorcier? Mu shule ya misioni? » Mungoje kidogo, tutafika pale.

Mtoto wa hadithi hii anaitwa Duny. Mama yake alikufa mbele yeye kutimiza mwaka mmoja, baba yake ni fundi wa shaba mwenye maneno machache na mkono mzito. Mtoto anachunga mbuzi juu ya mlima wa kisiwa cha Gont. Shangazi yake anajua maneno fulani ya nguvu, anamfundisha kidogo, na kumbe mtoto ana kipawa kumpita shangazi mbali sana. Alipokuwa na miaka 12, waaskari wa kutoka kisiwa kingine wanakuja kuunguza vijiji. Mtoto anaita ukungu, waaskari wanapotea ndani yake, kijiji kinapona. Basi mzee mmoja mwenye hekima, Ogion, anakuja kumchukua na kumpa jina lake la kweli: Ged.

Mpaka hapa ni hadithi sawa vile zingine. Mtoto masikini, kipawa kikubwa, mwalimu mzuri. Mahali pengine tungengojea apewe upanga aende kupiga adui. Lakini angalia sasa.

Ogion ni mtu wa kunyamaza. Mvua ikinyesha anaiacha inyeshe, analala chini ya mti. Kijana Ged anakasirika: « Nguvu iko wapi? Anaficha nini? » Anataka kujua yote leo, si kesho. (Walimu wetu wanaosoma mstari huu, bila shaka munacheka.) Anaacha Ogion, anaenda ku shule kubwa ya kisiwa cha Roke, na kule anakuwa wa kwanza katika masomo yote. Lakini kuna mwanafunzi mwingine, Jasper, kijana wa jamaa ya kitajiri, mwenye adabu nzuri na maneno ya kuchoma. Ged anaona kwamba huyu anamchekelea juu ya asili yake ya mchunga mbuzi. Siku moja ya sikukuu wanabishana mbele ya wengine, na Ged, kwa kiburi tu, anajaribu kazi ambayo hakuna mwalimu aliyemruhusu: anaita roho ya mwanamke aliyekufa tangu zamani sana.

Ndipo inchi inapasuka. Mwanamke anaonekana kidogo tu, halafu kwa ule mpasuko anatoka kitu cheusi, kivuli, kinamrukia Ged usoni na kumrarua. Mkubwa wa shule, mzee Nemmerle, anafunga ule mpasuko kwa nguvu yake yote, na kazi ile inamuua.

Munasikia? Mzee anakufa juu ya matata ya wanafunzi wawili. Shujaa wetu anapona, lakini anabaki na kovu usoni maisha yote, na kile kivuli kiko huru duniani, kinamtafuta.

Sisi tunasema ni pale ndipo wasomaji wanashikwa. Kila mwanafunzi wa internat anajua ile hasira ya kuchekelewa mbele ya watu. Anajua namna neno moja la kuchoma linaweza kukaa ndani ya tumbo wiki nzima, na namna mtu anafanya upumbavu ili aonyeshe kwamba yeye pia ni mtu. Katika hadithi nyingi shujaa akikosa, anakosa kidogo, kisha mwandishi anamfutia haraka. Hapa haifutiki. Nemmerle amekufa, na hatarudi.

Tena hakuna vita katika kitabu hiki. Hakuna jeshi la wabaya upande ule na jeshi la wazuri upande huu. Le Guin mwenyewe ameeleza kwamba hakutaka hadithi ya vita. Adui wa Ged alitoka katika tendo la Ged. Kwanza anamkimbia, kisiwa kwa kisiwa. Anajaribu kuponya mtoto wa rafiki yake fundi wa mashua, anamfuata mbali mno katika inchi ya wafu, na mtoto hafufuki. Anaenda kupambana na joka la kisiwa cha Pendor, na joka lile linamwambia kwamba linaweza kumpa jina la kivuli. Fikiri kidogo: akipata jina, ameokoka. Lakini angepaswa kuacha majoka yashambulie wavuvi aliopewa kuwalinda. Anakataa. Anamfunga joka kwa kiapo juu ya wavuvi, na yeye anaondoka mikono mitupu. Kwa mawazo yangu, huu ndio ushujaa mkubwa wa kitabu kizima, na unapita haraka, kurasa chache tu.

Mwishoni anarudi kwa Ogion, amechoka kabisa, na mzee yule wa kunyamaza anampa shauri: usikimbie tena, geuka umfuate yule anayekufuata. Ged anageuka. Na kuanzia siku ile ni kivuli ndicho kinakimbia. Rafiki yake wa shule, Vetch, anakataa kumwacha aende peke yake. Wanapanda chombo kidogo wote wawili na kupita kisiwa cha mwisho. Namna walivyokutana na kivuli, na jina gani Ged alikiita, sitasema. Yeyote atakayepata kitabu atasoma mwenyewe. Nitasema tu kwamba hakuna aliyeshinda na hakuna aliyeshindwa, na wasomaji wengi walipofika pale walirudia kitabu tangu ukurasa wa kwanza.

Kazi ilianza namna hii. Mwaka 1967 mwenye nyumba ndogo ya kutoa vitabu vya watoto, Parnassus Press ya mji wa Berkeley, California, alimwomba Le Guin aandike kitabu kwa vijana. Yeye akajiuliza swali rahisi. Wachawi wazuri wa hadithi za Ulaya wote ni wazee wenye ndevu nyeupe. Lakini walikuwa namna gani walipokuwa vijana? Walisomea wapi? Mwaka 1969 kitabu kilipewa zawadi ya Boston Globe-Horn Book. Baadaye Le Guin aliendelea na hadithi ile ile, akaifikisha vitabu sita: cha pili mwaka 1971, cha tatu mwaka 1972, cha nne mwaka 1990, na viwili vya mwisho mwaka 2001. Alikufa mwezi wa kwanza 2018, akiwa na miaka 88.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi. Ged si mzungu. Ngozi yake ni ya rangi ya shaba nyekundu, na rafiki yake Vetch ni mweusi. Wazungu katika kitabu ni wale waaskari wenye kuunguza vijiji. Le Guin aliandika hivyo kwa kusudi, katika Marekani ya mwaka 1968, tena hakulisema mwanzoni kwa sauti kubwa: msomaji anampenda kijana kwanza, halafu polepole anatambua rangi yake. Lakini miaka mingi wachoraji wa majalada walimpaka Ged weupe, na mwandishi alibishana nao bila kushinda. Mwaka 2004 televisheni moja ya Marekani ilitoa filamu ya kitabu hiki, na mwenye kucheza Ged alikuwa kijana mzungu. Le Guin alikasirika, akaandika waziwazi kuwakana. Alisema pia kwamba wasomaji wasio wazungu walimweleza kitabu kile kilikuwa na maana gani kwao walipokuwa vijana: kwa mara ya kwanza walijiona katika hadithi ya namna ile. Mwaka 2018 kilitoka kitabu kikubwa chenye hadithi zote pamoja, na picha za Charles Vess, na ndani yake rangi ni ile iliyoandikwa. Ilihitaji miaka 50.

Sasa tusifikiri kwamba shujaa mwenye makosa ni kitu cha Amerika. Sisi wa Kivu tunaye wetu, tena wa zamani kumpita Ged. Ni Mwindo wa Wanyanga, Kabutwa-kenda, yaani mtoto aliyezaliwa na kutembea siku ile ile. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliimba na kucheza na kusimulia hadithi yake mbele ya Daniel Biebuyck, mwenye kuchunguza desturi, na pamoja na Kahombo Mateene, Munyanga, ikatolewa katika kitabu mwaka 1969. Mahali pa kutolewa? Berkeley, California, mji ule ule wa Ged, mwaka mmoja tu nyuma yake. Ni ajabu ndogo, lakini mimi inanifurahisha.

Mwindo anakataliwa na baba yake, anatiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, anashinda yote. Na anajisifu! Hakuna anayejisifu sawa Mwindo. Kisha anaua zimwi Kirimu lililomeza watu wake, na kumbe zimwi lile ni rafiki wa Nkuba, radi. Nkuba, ambaye alikuwa anamsaidia Mwindo katika vita, anashuka na kumbeba juu mbinguni, na kule, mwaka mzima, mvua na baridi na jua vinamtesa mpaka kiburi kinapungua. Anaporudi anakuwa mtawala mwema. Wasikilizaji wa Wanyanga walimpenda Mwindo juu ya nguvu zake, ndiyo, lakini hadithi ingekwisha pale alipomshinda baba yake kama wasingetaka pia kumwona akifundishwa. Wenye babu na bibi upande wa Walikale, muwaulize mbele hawajaondoka.

Turudie lile neno « sorcier ». Kifaransa kina neno moja pahali sisi tuna mengi. Kwetu mulozi ni mtu wa usiku mwenye kula wengine. Ged si mulozi. Kazi yake katika kitabu ni masomo magumu: kujifunza jina la kweli la kila jani, kila samaki, miezi na miezi, na kujua kwamba kila tendo linagusa usawa wa dunia nzima. Wazazi na babu zetu, waliolazimishwa mwaka 1972 kuacha majina ya Kikristo na kuchukua mengine, wanajua kwamba jina si mchezo. Hata hivyo tusifiche: Le Guin hakuwa Mkristo. Alipenda sana hekima ya zamani ya Uchina, ile ya Lao Tzu, na mwaka 1997 alitoa kitabu kile kwa Kiingereza chake mwenyewe. Msomaji wa Biblia anaweza kubishana naye juu ya mauti na roho, na abishane. Lakini mwenye kusoma Daudi na mke wa Uria, ao Waroma sura ya 7, hataona Ged kuwa mgeni.

Tena neno lile kwetu si la kuchezea. Katika miji yetu watoto wamefukuzwa nyumbani juu ya kuitwa walozi, na sheria ya 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya kulinda mtoto inatia katika gereza, tangu mwaka mmoja mpaka mitatu, mtu mwenye kumshitaki mtoto ulozi. Kijana akionekana na kitabu chenye jina lile, aulizwe kimesema nini, mbele mtu hajasema neno.

Kwa wale wenye watapenda kuendelea: katika kitabu cha tatu Ged, sasa mkubwa wa Roke, anatumia nguvu yake yote kufunga mlango uliofunguliwa kati ya wazima na wafu. Yote, haibaki hata tone. Wengi walifikiri imekwisha pale. Miaka 18 nyuma yake mama Le Guin anatoa kitabu cha nne, Tehanu, na tunamkuta Ged kule Gont, mzee, bila nguvu yoyote, mwenye haya, anaogopa watu wa mfalme wasimwone. Anapanda mlima kuchunga mbuzi. Wasomaji fulani walikasirika sana, walitaka shujaa wao wa zamani. Wengine wanasema hicho ndicho kitabu bora kuliko vyote. Katika darasa letu ubishi huu haujakwisha.