Vyama vya nyumba: Wanachama wasiwe wageni kwao

Mwaka jana nilialikwa kwenye mkutano mkuu wa chama kimoja cha ushirika wa nyumba mjini Migori, ambacho wengi wa wanachama wake ni walimu. Mkutano ulitangazwa kuanza saa tatu asubuhi. Ulianza saa sita. Hesabu za mwaka mzima zilisomwa kwa Kiingereza, mbiombio, kwa muda usiozidi dakika 10, na karatasi zenyewe hazikugawanywa. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyelipia ploti yake kwa miaka 11, alisimama akauliza swali moja tu: "Hati ya ardhi yetu imeandikwa kwa jina la nani?" Mwenyekiti akamjibu, "Mwalimu, muda umekwisha na chakula ki tayari." Watu wakacheka, wakapanga foleni ya pilau.

Nami nilicheka pamoja nao. Kicheko hicho kimenisumbua tangu siku hiyo, kwa maana swali la mzee yule ndilo lililokuwa mkutano. Mengine yote yalikuwa mapambo.

Wengi wetu hudhani kwamba chama cha ushirika ni mali ya halmashauri yake. La hasha! Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997, iliyorekebishwa mwaka 2004, iliupa mkutano mkuu wa wanachama mamlaka ya juu kabisa. Iliagiza mkutano wa kila mwaka ufanywe katika miezi minne baada ya mwaka wa fedha kumalizika, na wanachama wapewe taarifa ya maandishi siku 15 kabla ya mkutano. Kila mwanachama alipewa kura moja, awe na hisa 10 au 1,000. Hii ndiyo kanuni waliyoifuata wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844. Isitoshe, theluthi moja ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura iliweza kumwomba Kamishna wa Ushirika achunguze mwenendo wa chama.

Silaha hizo zina faida gani zikiachwa kabatini? Mwaka 2025 ripoti ya ukaguzi kuhusu KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo nchini, ilifichua upungufu wa zaidi ya shilingi bilioni 13. Ikiwa mlima wa fedha kiasi hicho uliweza kumegwa mchana, ploti chache za walimu wa Migori zitalindwa na nani, ila walimu wenyewe?

Majuma machache baadaye nilifika Homa Bay, nikakaribishwa katika mkutano wa chama kingine, kidogo, kisicho na ofisi ya kujivunia. Walikutana katika darasa la shule ya msingi. Mweka hazina aliandika hesabu ubaoni kwa chaki, akazieleza kwa Kiswahili na Kijaluo. Nakala ya hati ya ardhi ilipitishwa mkono kwa mkono. Walibishana hadi jioni, na hapakuwa na pilau. Hata hivyo, kila aliyetoka mle alijua shilingi yake ilikolala.

Waluo wana desturi ya kuanzisha boma jipya iitwayo goyo dala. Mwana haendi kwenye kiwanja peke yake. Hufuatana na baba yake au mzee wa ukoo, pamoja na shoka na jogoo, watu wakiona. Wahenga hao walijua kwamba makao yanayoanzishwa gizani huzaa ugomvi.

Hata hivyo, lawama si za viongozi pekee. Wako wanachama wanaofika mkutanoni kufuata nauli na chakula, wakishapokea huondoka. Mtu wa namna hiyo akija kulia kwamba ameporwa, ajiulize alikuwa wapi hesabu ziliposomwa.

Walimu wenzangu, tunawafundisha watoto kujumlisha na kutoa, kisha tunaogopa kuuliza jumla ya fedha zetu wenyewe. Nanyi wanafunzi, anzeni mapema: mchango wa darasa uwe na daftari, na daftari lisomwe mbele ya wote. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mkutano ujao wa chama kile cha Migori utakapoitwa, ningependa mzee yule asisimame peke yake. Swali lake bado halijajibiwa.