Jasho Halitoi Sumu Mwilini

Swali wanaloulizwa madaktari mara kwa mara na wateja wa spa za hoteli kubwa, kuanzia Masaki hadi Nungwi, ni hili: mtu akae mara ngapi katika chumba cha mvuke ili sumu yote imtoke? Swali hilo halijibiki, kwa kuwa limejengwa juu ya dhana isiyo ya kweli, ambayo imerudiwa katika vipeperushi na mitandao ya kijamii hata waliosoma biolojia ya sekondari wakasahau kazi ya figo.

Jasho ni maji kwa takriban asilimia 99, na kinachobaki ni chumvi pamoja na chembe za yurea, yaani taka inayotokana na mwili kuvunja protini. Kazi yake ni kuupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Kusafisha ni kazi ya ini, linalozibadili kemikali hatari, pombe ikiwamo, na ya figo, ambazo kwa siku moja huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu, zikarudisha karibu yote na kuacha lita 1 hadi 2 za mkojo. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi huwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, hapelekwi sauna, na hoja hiyo peke yake ingetosha kuumaliza mjadala.

Udanganyifu mbaya zaidi ni ule wa beseni la miguu. Mteja hutumbukiza miguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kifaa cha chuma chenye umeme mdogo huwekwa kando ya nyayo, na baada ya nusu saa hivi maji huwa na rangi ya chai, kisha hudhurungi yenye povu, naye huambiwa kwamba hiyo ndiyo sumu iliyomtoka. Kilichotokea ni elektrolisisi, yaani mkondo wa umeme kupita katika maji ya chumvi na kukila chuma, ambacho hugeuka kutu. Kifaa hicho kikiwashwa katika beseni lisilo na miguu ya mtu, maji hubadilika vilevile, na kila mteja ana haki ya kudai jaribio hilo lifanyike mbele yake kabla hajalipa.

Spa yenyewe haina kosa. Kukandwa hulegeza misuli na kutuliza akili, na singo ya Zanzibar, inayotwangwa kwa karafuu, asumini na mlangilangi na ambayo bibi harusi husingwa nayo, hung'arisha ngozi na kuacha harufu nzuri, bila kuhitaji madai mengine yoyote.

Anayekwenda na aende, ila anywe maji, akae kwenye mvuke dakika 10 hadi 15, asiingie akiwa amelewa. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na anayetumia dawa za presha waulize daktari kwanza. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni apimiwe joto la maji na mtu mwingine. Na aliyevimba mguu mmoja baada ya safari ndefu ya ndege asikandwe, kwani huenda damu imeganda. Ama mwenye macho ya manjano, mkojo uliopungua au uso uliovimba, huyo aende hospitali akapimwe ini na figo siku hiyohiyo.