Kigogota na mti mkavu

Ukitoka mjini Songea ukaelekea Matogoro alfajiri, kabla pikipiki hazijaanza kelele zao, utasikia mgongo ambao mtu asiyejua hudhani ni wa seremala aliyewahi kuamka. Ko-ko-ko, kimya, kisha ko-ko. Huyo ni kigogota, na leo nataka tumzungumze yeye.

Wengi tumelelewa tukiambiwa kwamba kigogota huua miti. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto nilimrushia mawe kwa kosa hilo. Kumbe kosa lilikuwa langu. Kwa kawaida kigogota huchimba pale ambapo mti umekwisha kufa au umeanza kuoza ndani, kwa sababu hapo ndipo panapochimbika na ndipo mabuu wanapojificha. Ukimwona anashughulika na mti wako, ujue mti ulikuwa na maradhi kabla yeye hajafika. Nani humshtaki mganga kwa kuwa amekutwa nyumbani kwa mgonjwa?

Mtazameni anavyofanya kazi. Vidole viwili vya mguu hutazama mbele na viwili nyuma, ili ashike gome vizuri. Manyoya ya mkia ni magumu, naye huyaegemea kama mtu aliyekalia kigoda. Ulimi wake ni mrefu ajabu, unanata, na mizizi yake huzunguka nyuma ya fuvu la kichwa. Huupenyeza kwenye tundu na kumtoa mdudu aliyedhani yuko salama. Zamani vitabu vilisema kuwa fuvu hilo lina namna ya kupunguza mshtuko. Lakini utafiti wa wanasayansi uliotangazwa mwaka 2022, uliopima mapigo yenyewe kwa picha za kasi, ulionyesha kwamba kichwa chote hupiga kama nyundo ngumu. Kinachomwokoa ni udogo wa ubongo wake.

Sisi wa Ruvuma tunaye kigogota ambaye sehemu kubwa ya dunia haina. Anaitwa kigogota wa Stierling, kwa jina la daktari Mjerumani aliyekusanya ndege kusini mwa nchi hii wakati wa ukoloni. Mtaalamu Anton Reichenow ndiye aliyemwandika kitaalamu mwaka 1901. Anaishi kwenye miombo ya kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Msumbiji na kusini mwa Malawi, basi. Ni mdogo, mgongo wake wa kahawia, kifua cheupe chenye alama nyingi nyeusi. Dume ana wekundu nyuma ya kichwa, jike hana. Wapo watu wanaopanda ndege kutoka Ulaya ili wamwone, nasi tunapita chini yake na baiskeli bila kuinua macho.

Kumchunguza hakuhitaji fedha nyingi. Darubini ni nzuri ukiipata, lakini anza na masikio, daftari na subira. Nenda mwezi wa Agosti au Septemba, miombo ikiwa imepukutisha majani, na wengi wao wanapoanza kuzaa. Sikiliza mgongo, kisha angalia chini badala ya juu: vipande vyeupe vya mbao vilivyoanguka juzi chini ya mti vitakuambia kuna shimo jipya. Kaa hatua thelathini au zaidi, usiende na mbwa. Andika saa, aina ya mti, urefu wa shimo kutoka chini, nani ameingia na nani ametoka. Utaona dume na jike wakipokezana, na usiku dume ndiye anayelalia mayai. Makinda wakiangua hawanyamazi. Utawasikia kabla hujawaona. Maandishi ya namna hiyo yana kazi: Atlasi ya Ndege wa Tanzania imekuwa ikikusanya taarifa za watu wa kujitolea tangu miaka ya 1980, na pembe hii ya kusini haina waandishi wengi.

Nilikuwa na mti wangu mmoja wa kuangalia, myombo mkavu ulioachwa pembeni mwa shamba. Nilihesabu siku kumi na moja za makinda. Siku ya kumi na mbili nilikuta kisiki. Mama mmoja wa jirani alikuwa anafunga mzigo wake wa kuni.

"Mama, shikamoo. Mti huu umeukata leo?"

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa mkavu, haukuwa na kazi."

Nikakosa la kujibu. Miaka yote tumewahimiza wananchi waache miti mibichi na kutumia mikavu, naye alitii. Tanuri la tumbaku ya moshi nalo linataka kuni, na la kwanza kuingia motoni ni gogo lililosimama kavu.

Lakini mti huo ulikuwa nyumba. Kigogota akihama shimo lake huingia kwezi, bundi wadogo, na ndege wengine wasioweza kuchimba. Hata jamaa ya ndege waonyesha asali, ambao warina asali wa huku kwetu na wa ng'ambo ya mto Ruvuma huwaita, hawajengi viota. Hutaga kwenye mashimo ya wenzao, na vigogota ni miongoni mwa wanaotegewa.

Nilimweleza yule mama hayo tukiwa tumeketi kwenye kisiki. Akacheka, akauliza kama ndege hao wanajua kupika. Kisha akanionyesha mti mwingine mkavu, karibu na korongo, wenye matundu mawili. Akasema huo atauacha, kwa kuwa ni mbali kubeba.