Dohani Nayo Husikia Baridi

Ndugu mkulima, mara nyingi katika kurasa hizi twasema juu ya mahindi, pojo na maembe. Leo tuingie jikoni, maana mavuno yote mwisho wake ni chunguni.

Hapa Kalamba wako walioacha mafiga matatu wakajenga jiko la kuni lenye dohani. Ni jambo jema. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa hewa chafu ya majumbani, itokayo hasa kwenye moshi wa kupikia, iliua watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Lakini dohani iliyojengwa vibaya huleta hatari nyingine. Nalijua hili kwa kuwa nilijenga moja mimi mwenyewe.

Nilikunja bati likawa bomba, nikalipitisha toka jiko la mama yangu hadi juu ya paa. Mwanzoni moshi ulitoka vizuri. Baridi ya Julai ilipofika, moshi ukaanza kurudi ndani, na maji meusi kama lami yakachuruzika ukutani. Mama alidhani paa linavuja. Jioni moja bomba likanguruma kama lori, likawa jekundu, na boriti iliyoligusa ikashika moto. Majirani walituokoa kwa mchanga na maji. Tangu siku ile mama alirudi kupikia nje kwenye mafiga yake, nami sikuwa na la kumjibu.

Kosa lilikuwa nini? Moshi wa moto ni mwepesi, ndiyo sababu hupanda. Ukipoa njiani huwa mzito, hukawia, na mvuke wake hugeuka maji. Masizi na utomvu wa kuni hugandamana ndani ya bomba, na siku moto ukiwa mkali, uchafu huo huwaka. Bati tupu hupoteza joto upesi sana. Kuni mbichi, kama matawi ya miembe yaliyopogolewa juzi, huzidisha ubaya, kwa kuwa maji yake yote hupita humo.

Basi dohani yataka kuvikwa. Itazame chupa ya chai: ina kuta mbili, na kwa hiyo chai haipoi. Litazame pia jiko la makaa la udongo na bati, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980: ndani ni kigae, nje ni bati, na kazi ya kigae ni kuzuia joto lisikimbilie kwenye bati. Dohani nayo ifanywe hivyo:

1. Bomba la ndani liwe la udongo uliochomwa. Viungo vyake vizibwe kwa udongo, pasiwe na ufa.

2. Lizungushie ukuta wa matofali, ukiacha nafasi ya sentimita 5, yaani upana wa vidole vitatu, pande zote.

3. Jaza nafasi hiyo majivu makavu yaliyochekechwa na kupoa kabisa. Shindilia kidogo kidogo, na yakishuka baadaye, ongeza. Usitie maranda, nyasi wala samadi, maana hivyo huwaka.

4. Funika juu ya majivu kwa saruji, mvua isiingie. Majivu yaliyolowa hayazuii joto, na maji yake hula bati.

5. Boriti na fito zisiguse dohani hata kidogo. Paa la nyasi halifai kabisa kupitishwa dohani. Weka mabati kwanza.

6. Kilele cha dohani kipite kilele cha paa, upepo usirudishe moshi.

7. Chini acha kidirisha cha kutolea masizi. Safisha kwa brashi ya katani kabla ya mvua za Oktoba na kabla ya zile za Machi.

Tena, pasua kuni, uzianike juani na kuziweka chini ya paa hadi zikauke kabisa.

Mwisho, jaribu kazi yako. Washa moto, ngoja maji yachemke, kisha weka kiganja juu ya ukuta wa dohani. Ukiweza kukiacha hapo bila kuungua, umeivika vizuri. Dohani yetu ya pili ilipokamilika, mama hakuuliza lolote juu ya majivu wala matofali. Aliweka kiganja chake ukutani, akakiacha muda mrefu, kisha akaenda kuleta sufuria.