Malaria ya ukweni: mzaliwa wa Masisi anaposhuka Walikale

Mzazi mzaliwa wa Masisi, Kivu ya Kaskazini, anayeishi Brussels, Montréal, Nairobi au Kampala, ambaye kijana wake amechumbia binti wa Walikale katika mkoa huo huo, hana budi siku moja kufunga safari akawaone wazazi wa binti huyo. Maandalizi huchukua miezi. Hujadiliwa mahari, vitenge, na nani atakuwa msemaji wa familia. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, hujadiliwa pia kama ni afadhali kupitia Kigali na mpaka wa Gisenyi au kungoja. (Anayeambiwa na wenyeji angoje, na angoje: Walikale yenyewe ilitekwa Machi mwaka huo huo, ikaachwa baada ya majuma mawili hivi.) Malaria hukumbukwa juma la mwisho, tiketi ikiwa tayari mfukoni, na hapo daktari huletewa swali lile lile lililokwisha kujibiwa mara nyingi mno: mtu aliyezaliwa Masisi anahitaji kweli dawa ya kujikinga, ama dawa hizo ni za wazungu?

Anaihitaji, sawasawa na Mbelgiji aliyezaliwa Liège.

Kinga dhidi ya malaria ipo, lakini haipatikani kwa ukoo wala kwa cheti cha kuzaliwa. Hujengwa na kuumwa na mbu wenye vimelea mara kwa mara, miaka nenda miaka rudi, na gharama yake hulipwa na watoto: sehemu kubwa ya wanaokufa kwa malaria barani Afrika ni wa chini ya miaka 5, yaani wale ambao kinga yao bado haijakomaa. Aliyevuka umri huo katika eneo lenye malaria nyingi huweza kubeba vimelea bila kuugua sana. Hata hivyo kinga hiyo ni nusunusu, na hudumu kwa kuchochewa. Mtu akihamia nchi isiyo na malaria, huanza kupungua, na baada ya miaka michache hawezi tena kuitegemea. Hospitali za Uingereza na Ufaransa zinalijua jambo hili vizuri kuliko familia zenyewe. Wengi wa wagonjwa wa malaria wanaopokelewa huko ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwaona ndugu, wala si watalii waliokwenda kuona tembo. Mtalii humeza dawa kwa sababu anaogopa, na hulala hotelini siku chache. Mwana wa nyumbani hamezi kitu, hukaa mwezi mzima, na hulala kijijini.

Imani ya kinga ya kuzaliwa ina chembe ya ukweli, nayo ndiyo inayoifanya iwe ngumu kung'oka. Wahamiaji waliokulia penye malaria, wakiugua, hufa mara chache kuliko watalii wa Ulaya. Mwili haujasahau yote. Lakini kufa mara chache si kutougua, na tena takwimu hiyo haimpi nafuu kubwa mzazi anayezungumziwa hapa, kwa kuwa hatari ya kufa kwa malaria ya safarini hupanda sana pamoja na umri. Mwenye mtoto wa kuoa kwa kawaida amefikisha miaka 50 au 60, mara nyingi ana shinikizo la damu au kisukari, na figo zake si zile alizoondoka nazo Masisi akiwa kijana. Wengine hujitetea kwamba wana chembe ya siko seli upande mmoja. Chembe hiyo humlinda mtoto asipatwe na malaria kali, tena si kila mara. Haimzuii mbu kuuma wala kimelea kuingia.

Kuna kosa la pili ndani ya lile la kwanza, na hili huwakumba hata wasiowahi kuondoka Kongo. Watu huitaja Kivu ya Kaskazini kana kwamba ina malaria ya aina moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Masisi, hasa upande wa Mushaki na nyanda za malisho, ni nchi ya milima, ng'ombe, jibini na baridi ya asubuhi. Vilele vyake hupita mita 2,000. Walikale ni msitu, na mji wenyewe uko karibu mita 700 tu juu ya usawa wa bahari. Kila ukishuka mita 1,000 joto huongezeka kwa digrii 6 hivi, na joto ndilo linaloamua kila kitu, kwa sababu Plasmodium falciparum haiwezi kuambukiza mpaka ikomae ndani ya mwili wa mbu. Penye digrii 28 hukomaa kwa siku 10 hivi. Penye 20 huhitaji majuma matatu na zaidi, muda ambao mbu wengi hawafikishi. Chini ya digrii 16 hadi 18 haikomai kabisa. Ndiyo maana mtu aliyekulia kwenye vilima vya juu vya Masisi huenda hakuijenga kinga ya maana tangu mwanzo. Masisi ina malaria, tena nyingi, hasa mabondeni na katika kambi za waliokimbia vita. Lakini malaria ya juu ni ya kuja na kuondoka, na ya Walikale ni ya mwaka mzima.

Nini hutokea malaria inapowakuta watu wa milimani? Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, ilionyesha mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño: ugonjwa uliwaangusha watu wazima pamoja na watoto, kwa kuwa wote walikuwa wageni mbele yake. Kwa hiyo ndoa kati ya familia ya Kihunde ya milimani na familia ya Kinyanga ya msituni huunganisha nchi mbili za kimalaria, hata kama wote wanaandika "Nord-Kivu" kwenye karatasi moja.

Baada ya hoja ya kinga ya kuzaliwa, inayofuata ni ya chai ya artemisia, na hapa uvumilivu hupungua. Mmea huu hupandwa kwenye bustani za parokia na nyuma ya nyumba, majani hukaushwa, na msafiri huambiwa anywe kikombe asubuhi na jioni, kwa hoja kwamba hata dawa za hospitali zinatoka humo. Kwamba zinatoka humo ni kweli. Mkemia wa China, Tu Youyou, ndiye aliyeongoza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kazi yake ndiyo ushahidi mkubwa dhidi ya kikombe hicho. Majani yalipopikwa kwa maji ya moto, matokeo yalikuwa hafifu. Ilimbidi atumie etha katika joto la chini ili kukitoa kile kinachoua vimelea, yaani artemisinini. Artemisinini huyeyuka vibaya katika maji, kiasi chake hutofautiana kutoka shamba hadi shamba, na Artemisia afra, ambayo huuzwa kwa jina lile lile, karibu haina kabisa.

Na tuseme kikombe kimebahatika kuwa na kiasi cha kutosha. Bado hakikingi. Nusu ya artemisinini huondoka mwilini kwa saa mbili au tatu, na kimelea kilichoingia usiku hujificha kwenye ini kwa juma moja hivi, mahali ambapo dawa hiyo haikigusi. Kinapotoka na kuingia kwenye damu, chai ya siku ile ya mbu imekwisha kitambo, na chai ya leo asubuhi imekwisha kabla ya jua la mchana. Ndiyo sababu hata vidonge halali vya jamii hii hutumika kutibu wala si kukinga, na siku zote huunganishwa na dawa nyingine inayokaa mwilini muda mrefu. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya artemisia isiyotengenezwa kama dawa. Wasiwasi mwingine ni usugu. Nchini Rwanda vimelea vyenye badiliko la kijeni linalodhoofisha nguvu ya artemisinini viliripotiwa mwaka 2020, na Uganda ikafuata. Kuvizoesha vimelea dozi ndogo ndogo kila siku, mlangoni mwa nchi hizo mbili, ni kuhatarisha dawa ambayo mtoto wa jirani ataihitaji kesho.

Mubirizi, mmea mwingine unaonywewa malaria, hutetewa kwa hoja dhaifu zaidi: ni mchungu, na kwinini ni chungu. Mkoa uliopakana na ule wa Bukavu, ambako gome la mti wa kwinini limesindikwa kiwandani kwa miongo mingi, ungetarajiwa kujua kwamba kilichotibu hakikuwa uchungu.

Dawa za kujikinga zinazofaa ni tatu, na hununuliwa kabla ya kuondoka, kwa ushauri wa daktari na si wa shemeji. Atovakwoni na proguanili: kidonge kimoja kila siku pamoja na chakula, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika hadi siku 7 baada ya kutoka, ni ghali. Doksisaiklini: kila siku, kwa maji mengi, hadi majuma 4 baada ya kutoka, ni rahisi, lakini huifanya ngozi iungue na jua, na haiwafai wajawazito wala watoto wadogo. Meflokwini: mara moja kwa juma, ikianzwa majuma mawili au matatu mapema, hadi majuma 4 baadaye, haipewi mwenye kifafa au historia ya ugonjwa wa akili. Klorokwini haifai tena Kongo. Mjukuu aliyezaliwa ughaibuni hana kinga hata kidogo, na dozi yake hupimwa kwa uzito. Mjamzito anayeweza kuahirisha na aahirishe. Chanjo ya homa ya manjano ni sharti la kuingia nchini. Hudungwa angalau siku 10 kabla, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha.

Dawa pekee haitoshi, na linalobaki ni gumu kwa sababu ni la adabu. Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, saa zile zile ambazo mgeni wa ukweni huketi uani mbele ya sahani ya makemba na kibuyu cha pombe ya mchikichi, akisikiliza hotuba zisizokwisha. Hawezi kuinuka. Wala hawezi kuuliza habari za kitanda atakacholalia, kwani kwa wakwe hilo ni aibu. Kibaya zaidi ni heshima anayofanyiwa: hupewa chumba bora na chandarua cha nyumba, na watoto wa nyumba hiyo, walio katika hatari kubwa kuliko yeye, hulala usiku huo bila kitu.

Kwa hiyo vyandarua huingia kwenye mzigo wa zawadi pamoja na vitenge, chumvi na sukari, vyenye dawa, vya kutosha watoto wote na kimoja cha mgeni, pamoja na kamba na misumari ya kuvitundikia. Hutolewa mchana, kabla ya hotuba, na mama wa kijana huvikabidhi kwa mama wa binti. Kutundika huachiwa vijana. Kijana mwenyewe au dada ya binti ndiye wa kutumwa kuhakikisha kwamba kazi imefanyika, kwa kuwa yeye anaweza kuingia chumbani bila mtu kuona haya. Jioni mgeni huvaa mikono mirefu na soksi, na hujipaka dawa yenye DEET.

Homa ikianza huko huko, hupimwa kwa kipimo cha haraka, ambacho vituo vya afya vinacho, na ikithibitika hutibiwa kwa dawa mseto kwa siku 3 kamili, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Kutapika kila kitu, kuchanganyikiwa, macho ya manjano au mkojo mweusi ni malaria kali: huhitaji sindano za artesuneti hospitalini, si chupa ya serum kwa mwuguzi wa jirani. Homa ikianza baada ya kurudi, hata miezi mitatu baadaye, daktari wa Brussels au Montréal huambiwa katika sentensi ya kwanza kabisa kwamba mgonjwa ametoka msitu wa Kongo, maana asipoambiwa atatafuta mafua. Kipimo kikitoka bila vimelea na homa ikaendelea, hurudiwa baada ya saa 12 hadi 24, na mara moja zaidi baada ya hapo.