Mgeni Anapoalikwa Harusini

Natumaini kila mtu amekwisha kaa, na mwalimu wenu amekwisha andika ubaoni maneno matatu ya leo: kujitolea, mhunzi, ridhaa. Tuanze na la kwanza. Kujitolea ni kufanya kazi kwa hiari, bila mshahara.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway. Tangu hapo wageni hawakukoma kuja: madaktari, wauguzi, wanafunzi. Wengine hukaa majuma machache, wengine miaka. Tumfikirie mmoja wao, msichana muuguzi. Kazi yake iko wodini, lakini siku ya mnada huzunguka na mfuko wake akitazama bangili na vibuyu, na Jumamosi moja jirani yake humwalika harusini. Huyo atauliza maswali mengi. Nanyi mtamjibu nini? Mwenyeji asiyeweza kueleza kitu chake hukiuza kwa bei ya bure.

Atakaloshangaa kwanza ni lugha. Hapa Haydom na pande zake wako Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, wako Wadatoga, wako Wanyiramba na Wanyisanzu, na kuelekea Ziwa Eyasi wako Wahadzabe. Kiiraqw ni ndugu wa mbali wa Kisomali. Kidatoga kimo katika jamii moja na Kimasai. Kinyiramba ni Kibantu, kama Kiswahili. Na Kihadza, chenye sauti za kupiga ulimi kinywani, hakijapatiwa ndugu hata mmoja. Ni mahali pachache sana katika Afrika ambapo jamaa nne kama hizi hukutana kwenye kisima kimoja. Mgeni akisema “Mang'ati”, mwambieni kwa upole kwamba jina hilo lilitoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Wenyewe hujiita Wadatoga.

Sasa neno la pili. Mhunzi ni fundi afuaye vyuma. Mhunzi wa Kidatoga huokota makufuli mabovu, koki za bomba na sufuria zilizotoboka. Huchimba shimo dogo, hutia makaa, na msaidizi wake hupuliza moto kwa mivuo miwili ya ngozi ya mbuzi, mkono huu na mkono huu, bila kupumzika. Shaba ikiyeyuka humiminwa katika kalibu nyembamba, ikapoa kidogo, ikagongwa, ikapindwa, ikachorwa mistari. Hiyo ndiyo bangili. Misumari nayo hugeuzwa kuwa vigumba vya mishale, na Wahadzabe huvichukua kwa kubadilishana na asali au nyama. Kwa hiyo bangili aliyonunua mgeni jana pengine ilikuwa kufuli la duka wakati wa mvua zilizopita. Mwambieni hivyo! Atailipia vizuri zaidi, na ataikumbuka.

Lakini kuna jambo ambalo jicho la mgeni halilioni. Wahunzi wa Kidatoga ni ukoo wa peke yao, na kwa desturi mhunzi huoa binti wa wahunzi. Wadatoga wengine hununua kazi ya mikono yake, lakini hawamwozi binti yao. Mimi naona ni jambo la kufikiriwa, kwamba mtu avae bangili ya fundi siku ya harusi na amkatae fundi huyo kuwa mkwe.

Tumefika harusini. Bibi arusi wa Kidatoga huvaa hanang'weenda, sketi ya ngozi iliyokatwa nyuzi nyingi nyembamba. Ni vazi la mwanamke aliyeolewa, lenye heshima kubwa. Si vazi la ngoma. Mgeni ataona bibi arusi amegoma kuingia katika nyumba ya mume, watu wakimbembeleza, naye atasema moyoni: “Maskini, analazimishwa.” Hapo mwelezeni. Kila anayembembeleza humwahidi ng'ombe, huyu ndama, yule mtamba, na jamaa zake pia humpa. Ng'ombe hao huhesabiwa kuwa wake. Mume hawezi kuwauza bila kumwuliza. Basi kule kusimama mlangoni si machozi matupu. Mwanamke anajiwekea akiba ya maisha yake yote.

Hata hivyo, nisiwadanganye. Kugoma kwa desturi ni kimoja, na kukataa kwa kweli ni kingine. Jamaa wa karibu hujua tofauti. Ndipo linapoingia neno letu la tatu. Ridhaa ni kukubali kwa hiari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mume na ya mke, wote wawili. Mgeni akiuliza kama binti amekubali, msimkasirikie. Ni swali halali, nanyi mwulizeni binti kabla mgeni hajauliza.

Harusi za Wairaqw siku hizi nyingi huanzia kanisani. Lakini nyumbani mzee bado huweza kusimama na kusema slufay, sala ndefu ya kuomba mvua, afya na amani, na watu wote wakaitikia. Wakati huo mgeni aweke kamera chini.

Na zile sketi za ngozi zenye shanga? Zamani msichana wa Kiiraqw aliishona mwenyewe akiwa ndani katika unyago ulioitwa marmo, akatoka nayo, na baadaye akaivaa akiolewa. Utawala wa Waingereza ulikomesha marmo karibu na mwaka 1930. Sketi nyingi zimekwenda katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo, kama bibi yako anayo moja sandukuni, na mgeni akatoa noti mbele yako, kwanza mwite bibi. Muulize nani aliishona, mistari ile ina maana gani, na kama yeye anataka iondoke. Bangili itafuliwa nyingine kesho. Sketi hiyo, hapana. Mwonyesheni mgeni, aishike, aandike, kisha irudi sandukuni. Akitaka cha kununua, vibuyu na vikapu vipo.

Kazi ya nyumbani: andikeni katika madaftari sentensi tano juu ya kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mkono nyumbani kwenu. Nani alikitengeneza? Kwa nini? Asiyejua akamwulize mzee leo usiku. Juma lijalo mwalimu atazisoma kwa sauti. Kwaherini.