Rangi Haisimamishi Gari
Mama, una neno la kusema kabla gari la zamani halijaanza safari ndefu ya kiangazi

Kila ifikapo Juni, shule zinapofungwa na mvua zinapokuwa zimekwisha, familia nyingi za Mwanza hupanga safari. Wengine huenda kuwasalimu wazee, wengine harusini, wengine kwenye mkutano wa kanisa au tamasha la kwaya. Katika baadhi ya nyumba zetu hapa Butimba, gari litakalobeba safari hiyo ni la siku nyingi: Land Rover 109 aliyoiacha babu, au Toyota Land Cruiser iliyonunuliwa mnadani. Magari haya hupendwa kama ndugu. Watoto huyapa majina, na baba huyasimulia kama mtu anayesimulia ujana wake.

Mpenzi msomaji, makala hii haikusudii kukufanya fundi. Inakusudia kukupa maswali ya kumwuliza fundi, maana atakayekaa nyuma na kumpakata mtoto ni wewe. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Sisi wauguzi tunawapokea waliosalimika. Mara nyingi ndugu huuliza, "Kwa nini Mungu ameruhusu?" Swali hilo lina mahali pake. Lakini kuna maswali mengine ambayo yangeulizwa mapema zaidi, gari likiwa bado uani.

Gari la zamani si lazima liwe bovu

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1948. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa alumini na chesisi kwa chuma. Magari hayo yakaja kwetu, yakawa ya misheni, ya zahanati, ya mabwana shamba na ya hifadhi za wanyama. Hata leo yana wapenzi wengi. Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa mamia, na magari ya miaka mingi yakapita barabarani kwa nguvu zake yenyewe. Kwa hiyo umri peke yake si ugonjwa.

Lakini habari hiyo ya alumini na chuma ina mtego. Bodi ya alumini haili kutu kama chuma. Ukiipiga rangi inang'aa kama mpya. Chesisi iliyo chini yake huliwa na kutu, tena huanzia ndani pasipoonekana. Gari linaweza kupendeza juu huku mifupa yake imeoza.

Nakumbuka familia moja ya hapa kwetu iliyojiandaa kwenda Dodoma kwenye harusi. Baba alikuwa ameweka fedha za kuipaka Land Rover rangi ya kijani, maana hakutaka wakwe waione imechakaa. Mkewe hakubishana naye mbele ya watoto. Walipofika gereji alisema tu, "Baba, kabla ya rangi, tumwombe fundi atuonyeshe chini." Fundi akaingia chini na nyundo ndogo, akagonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma. Sehemu nyingi zililia kwa sauti ya chuma kizima. Karibu na mahali springi ya nyuma inaposhikwa, sauti ikawa butu na magamba ya kutu yakaanguka. "Mama, hapa pamekwisha," fundi akasema. Fedha za rangi zikalipa kazi ya kukata na kuchomea. Harusini walifika na gari lenye madoa, na baba alitaniwa sana na shemeji zake. Walirudi Butimba wote wazima.

Mambo matano ya kumwuliza fundi

1. Breki. Land Rover nyingi za zamani zina mfumo mmoja wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likivuja, breki zote zinaweza kupotea kwa pamoja. Mwambie fundi afungue magurudumu yote manne, si moja la mfano, aangalie kama panavuja na kama laini za breki zimekwisha. Uliza pia mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa miaka mingi, huchemka upesi breki zinapopata moto, na mguu wa dereva huzama bila gari kusimama. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni kawaida njema.

2. Matairi. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka 10, au lenye nyufa ubavuni, halifai safari ndefu hata kama linaonekana jipya. Usisahau la akiba. Mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote.

3. Maji na hewa ya injini. Rejeta isiwe na kutu wala uvujaji, mipira yake isiwe imelegea au kupasuka, na feni belti iwe nzima, pamoja na nyingine ya akiba. Land Rover nyingi za zamani zina chujio la hewa linalotumia oili kunasa vumbi. Kiangazi oili hiyo hujaa matope upesi, nayo injini ikavuta vumbi.

4. Usukani, springi na nati. Barabara ya makorongo hulegeza nati zote. Usukani usiwe na mchezo mkubwa, na majani ya springi yasiwe yamekatika.

5. Ekzosi. Hili wengi hulipuuza kwa sababu wanadhani ni suala la kelele tu. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Bomba likitoboka chini ya sakafu, au gari likienda huku mlango wa nyuma umefunguliwa, hewa hiyo huingia kwa abiria. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mama anaweza kudhani ni malaria au ni kawaida ya watoto safarini. Watu kadhaa wakipatwa kwa pamoja, simamisheni gari, tokeni wote nje mahali penye hewa safi, na msiendelee na gari hilo mpaka bomba litengenezwe. Asiyeamka vizuri apelekwe hospitali mara moja.

Ijue njia yenu

Tuchukue mfano wa safari ya Dodoma, karibu kilomita 700. Mnatoka Butimba, mnapita Nyegezi na Usagara. Hapo wenzetu wa Sengerema na Geita hukata kulia kwenda kwenye daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Ninyi mnaendelea Misungwi, Shinyanga, Nzega na Igunga. Hadi hapo gari halijapimwa sana. Njia ni tambarare, na hatari kubwa ni mwendo, upepo na mifugo inayovuka.

Mkishamaliza mbuga ya Wembere mnaanza kupanda Sekenke kuelekea Singida. Hapo ndipo rejeta hufanya mtihani wake. Sindano ya joto ikipanda, simameni pembeni, zimeni injini, mwache ipoe. Hakuna kufungua kifuniko cha rejeta ya moto! Maji yale hutoka kwa nguvu na kuunguza uso na kifua. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, wala mafuta, wala yai.

Wakati wa kurudi, mlima ule ule huwa mteremko, na sasa ni zamu ya breki. Dereva aingize gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini ilizuie gari, na breki zitumike kwa vipindi. Anayeshuka na gia kubwa huku amekanyaga breki muda wote anazipasha moto mpaka zikose nguvu. Mwendo wa gari zee ni kilomita 70 kwa saa au pungufu. Ukipiga hesabu, safari hii ni ya siku mbili. Laleni njiani. Dereva naye apumzike kila baada ya saa mbili, asiendeshe usiku, wala asitegemee kahawa kuondoa usingizi.

Abiria na mizigo

Viti vya ubavuni vya Land Rover vilitengenezwa kwa mwendo mfupi wa shambani, na vingi havina mikanda. Kwa safari ndefu ni afadhali kufunga viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda iliyoshikwa na chuma kizima. Kama fedha hazitoshi, wapungueni abiria: wachache waende na gari, wengine wapande basi. Si aibu. Mtoto aliyepakatwa hawezi kushikwa na mikono ya mama gari linapogonga; uzito wake huzidi nguvu zetu zote.

Mizigo mizito iwe chini, ndani, imefungwa. Magunia na ndoo za dagaa juu ya paa hulifanya gari liyumbe na kupinduka kwenye kona. Petroli isibebwe ndani pamoja na watu.

Mama mjamzito avae mkanda, sehemu ya chini ikipita chini ya tumbo, na aulize kliniki kabla ya kuondoka, hasa akikaribia kujifungua. Kadi yake awe nayo mkononi. Wenye presha na kisukari wabebe dawa zao katika mkoba wa karibu, siyo kwenye sanduku lililo juu ya paa.

Mfuko wa huduma ya kwanza uwe na glavu, bandeji, vitambaa safi, pamba, plasta, mkasi, paracetamol, pakiti za chumvichumvi za kuharisha, tochi na maji ya kunywa. Andikeni namba 112 ya dharura na 114 ya zimamoto na uokoaji.

Ukuta mdogo wa darini

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Tazama jinsi agizo hilo lilivyo la kazi za mikono. Hakuambiwa aombe tu ili watu wasianguke, aliambiwa ajenge. Breki nzima, mkanda na dereva aliyelala vizuri ndio ukuta wetu. Tukiisha kuujenga, tunaomba kwa dhamiri safi.

Najua kwamba kwa mama wengi ugumu uko katika kusema. Gari ni la baba, fundi ni rafiki wa baba, na mwanamke anayeuliza habari za chesisi huonekana anajifanya. Dada yangu, sema kwa heshima, sema mapema, na ikiwezekana sema mkiwa wawili tu. Mwanamume mwenye busara hachukii kuulizwa habari za usalama wa watoto wake. Na kama jibu ni kwamba fedha za breki hazipo, basi safari isogezwe. Harusi itawasamehe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo binadamu hawezi kuzijenga tena.

Maswali ya kujadili nyumbani wiki mbili kabla ya safari
• Fundi amefungua magurudumu yote manne? Nani alishuhudia?
• Matairi yetu, pamoja na la akiba, ni ya mwaka gani?
• Chesisi imegongwa yote, mbele hadi nyuma?
• Kila abiria ana kiti na mkanda? Kama hapana, nani atapanda basi?
• Tutalala wapi njiani, na dereva atalala saa ngapi?
• Nani ana mamlaka ya kusema, "Leo hatuondoki"?